Kuashiria: kitenzi chenye kidole ndani yake

Wiki chache zilizopita nililetewa makala niihariri, na katika aya ya pili nikakuta sentensi hii: "Mwenge huu unaashiria kuwakilisha umoja wa Watanzania." Nikairudia. Mwandishi ni kijana makini, kalamu yake nzuri, lakini hapo ilionekana wazi kwamba alisita. Hakuwa na hakika kama mwenge unaashiria au unawakilisha, basi akaviweka vitenzi vyote viwili, kama mpishi aliyesahau kama ameshatia chumvi, akaona heri atie tena.

Nilitaka kufuta kimoja nisonge mbele. Nikajikuta sijui nifute kipi. Miaka yote nimekuwa nikiandika "inaashiria" hapa na "inawakilisha" pale kwa kufuata sikio tu, na sikio siku hiyo liligoma kujibu. Ikabidi niweke makala pembeni na kukifuata kitenzi mpaka kilikotoka.

Kwa asili ni cha Kiarabu. Mzizi wake una herufi tatu, shin, waw na ra, na maana ya kitenzi chenyewe ni ya mwili kabisa: kunyoosha kidole, kuelekeza kwa mkono, kwa kichwa au kwa jicho. Kitendo hicho kinaitwa ishara, na neno hilo tumelichukua kama lilivyo. Kitenzi chenyewe kilipofika kwetu kikaota mkia wa -ia, kikawa ashiria. Mkia huo unakifanya kifanane na vitenzi vya kauli ya kutendea, kama pikia au somea, na kweli tabia hiyo kinayo. Huwezi kuashiria hivi hivi tu. Lazima uashirie kitu, au umwashirie mtu.

Kilichonishangaza ni ndugu zake. Shauri, ushauri, mshauri na mashauriano vyote vimetoka kwenye mzizi huohuo. Kwa Kiarabu kitenzi kimoja kikifuatwa na kihusishi hiki kinakuwa kuelekeza kitu, kikifuatwa na kile kinakuwa kumpa mtu ushauri. Kwa hiyo mshauri, ukimchimba, ni mtu anayekunyooshea kidole: pita huku, huko kuna shimo. Ila usije ukawaingiza ushuru na ashara kwenye ukoo huu. Ashara ni kumi, na ushuru ulianza kama sehemu ya kumi ya mali. Mzizi wao unaanzia na ain, herufi ya kooni ambayo ndimi zetu ziliimeza zamani. Ndiyo maana leo wanafanana na ishara kwa sura ilhali hawajuani.

Hicho kidole ndicho ninachotaka tukifuate, kwa sababu hakijawahi kutoka ndani ya kitenzi hiki. Kimejificha tu.

Jicho la mama

Nilipokuwa na miaka saba hivi tulikwenda kumtembelea shangazi. Ikaletwa sahani ya visheti. Nikala kimoja, kikaisha upesi, nikanyoosha mkono nichukue cha pili. Mama alikuwa katikati ya mazungumzo na wifi yake, na hakuyakatiza. Macho yake tu yalinigeukia mara moja, kope zikashuka kidogo, kisha yakarudi kwa mwenyeji. Mkono wangu nao ukarudi.

"Mbona huli, mwanangu? Chukua."

"Nimeshiba, shangazi."

Mama aliniashiria niache. Hapo kitenzi kiko nyumbani kwake. Yupo anayeashiria, yupo anayeashiriwa, na upo ujumbe uliopita kati yao bila neno hata moja kutamkwa. Shangazi aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwetu hakuona kitu, au aliona akanyamaza kwa adabu zake. Konda wa daladala anayegonga bodi ya gari naye anamwashiria dereva. Refa anayenyoosha mkono kuelekea kwenye kona anaashiria. Wagonjwa wasioweza kusema huashiria kwa vidole wakitaka maji.

Tazama sarufi yake sasa, maana ndiyo inayoleta vurugu baadaye. Katika "mama aliniashiria niache," mtendwa ni mimi. Katika "njiwa anaashiria amani," mtendwa ni amani. Amani haijakonyezwa na mtu. Njiwa haipi amani ishara ya kuacha visheti. Anatuonyesha sisi amani. Sisi tunaoonyeshwa hatumo kwenye sentensi, ingawa bila sisi haina maana yoyote. Kitenzi ni kilekile, lakini kile kinachokaa mahali pa mtendwa kimebadilika: kwanza alikuwa mtazamaji, sasa ni kinachotazamwa.

Mawingu, bundi na takwimu

Kabla ya kufika kwa njiwa kuna kituo cha katikati ambacho watu wengi wanakipita bila kushuka. "Dalili ya mvua ni mawingu," wanasema wahenga. Ukisema mawingu yanaashiria mvua, hujakosea, lakini angalia ni aina gani ya kuashiria. Hakuna baraza lililokaa likakubaliana kwamba wingu jeusi lisimame kwa ajili ya mvua. Wingu na mvua vimefungamana vyenyewe. Hata mtu wa kwanza duniani, asiye na lugha wala jirani, angeweza kujifunza kuyasoma mawingu akilowa mara mbili tatu.

Mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce, aliyeishi kati ya 1839 na 1914, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzipanga ishara kwa mafungu, na fungu hili alilitenga: ishara zinazofungwa na kitu chake kwa uhusiano halisi, kama moshi na moto, au alama ya unyayo na mguu ulioikanyaga. Sisi tuna neno letu la kila siku kwa fungu hilo, nalo ni dalili. Homa ni dalili. Ufa ukutani ni dalili.

Magazeti yanaishi kwenye kituo hiki. "Takwimu zinaashiria kuwa bei ya mahindi itapanda." Takwimu hapo hazina fumbo lolote, zinaelekeza tu kidole mbele. Hapa kitenzi kinakubali "kuwa" au "kwamba" baada yake. Tanzania, neno viashiria limekuwa kipenzi cha watendaji: viashiria vya hatari, viashiria vya rushwa, viashiria vya uvunjifu wa amani. Nusu ya hivyo, kwa maoni yangu, ni dalili tu zilizovalishwa suti. Mwanafunzi wa Kenya akisikia taarifa hiyo anaweza kushtuka kidogo, maana yeye darasani amefundishwa kuwa viashiria ni huyu, huyo na yule. Wala hajafundishwa vibaya. Neno "yule" ni kidole kilichogeuzwa kuwa sauti.

Sasa mlete bundi. Amelia juu ya paa usiku, na asubuhi jirani anasema: bundi huyu anaashiria msiba. Kwake bundi ni kama wingu, dalili ya kitu kinachokuja, na atakaa roho juu mpaka apate habari za mgonjwa wa nyumba ya tatu. Mtunzi wa hadithi akimweka bundi huyohuyo juu ya paa katika sura ya kwanza, haamini kwamba ndege analeta kifo. Anajua kwamba wasomaji wake wamelelewa na jirani wa namna hiyo, na anatumia hofu yao kama wino. Mtaalamu wa ndege atakwambia bundi anatafuta panya. Ndege ni mmoja, na watu wawili kati ya hawa watatu wanaweza kutumia sentensi ileile, "bundi anaashiria msiba," kila mmoja akimaanisha lake.

Tulikubaliana lini?

Kituo cha tatu ndicho kinachowasumbua wanafunzi na wahariri: kuashiria kwa makubaliano. Hapa hakuna kamba inayofunga kitu na maana yake isipokuwa ile tuliyoifunga sisi wenyewe.

Chukua rangi nyekundu. Katika bendera ya Kenya, iliyopandishwa Desemba 1963, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Vuka mpaka uingie Uganda, ambayo bendera yake ilipandishwa Oktoba 1962, na nyekundu ni undugu wa Waafrika. Kitambaa kinaweza kuwa kimekatwa kwenye jora moja. Nyeusi inakwenda vizuri kote: Kenya, Uganda na Tanzania zote zinasema ni watu. Bluu ya Tanzania, iliyoingia mwaka 1964 kutoka upande wa Zanzibar baada ya muungano, ni maji ya bahari, maziwa na mito. Na yule korongo taji wa Uganda amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua, na mguu ulioinuliwa unaashiria taifa linalosonga mbele. Porini korongo huinua mguu kwa sababu zake. Kwenye bendera hana sababu zake tena, ana zetu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko bendera zote ni matunda. Mwaka 2005 Wakenya walipigia kura rasimu ya katiba. Ili mpiga kura asiyejua kusoma asipotee, tume ya uchaguzi ilitoa alama mbili: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa Hapana. Hakuna mtu duniani anayeweza kueleza kwa nini chungwa liwe Hapana. Lingeweza kuwa embe. Asubuhi ya siku ya kutangazwa kwa alama, chungwa lilikuwa chungwa, la kumenya na kula. Tarehe 21 Novemba Hapana ikashinda, na kufikia hapo watu walikuwa wanavaa rangi ya chungwa, wanachungulia nani anakula nini hadharani, na kambi iliyoshinda ikaondoka na tunda lake na kulifanya jina la chama. Miezi michache ilitosha. Kura ya maoni ya 2010 ilipofika, matunda yakaachwa zikaletwa rangi, kijani na nyekundu. Nadhani mtu alijifunza kitu, ingawa nyekundu ya Hapana ilishakuwa na maneno yake tangu zamani: simama, hatari, umekosea. Chungwa lilianza bila historia. Rangi nyekundu haikuweza.

Tanzania ilishapita njia hiyo mapema. Katika uchaguzi wa wabunge wa 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Nia ilikuwa kuzifanya zisiseme kitu, ziwe alama tupu za kumtofautisha huyu na yule. Lakini mpe mgombea wa vijijini jembe halafu umwambie asitengeneze hotuba juu yake!

Ndipo unapoona kwa nini vitu vyenye kuashiria havitulii. Alama unaweza kuiamua mezani; kile inachoashiria kinaamuliwa na macho ya wanaotazama, na wale hawakuhudhuria kikao. Hata majina yenyewe ya fani hii hayajatulia. Lugha ya viziwi Kenya inaitwa lugha ya ishara, na Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa katiba ya 2010. Tanzania wanasema lugha ya alama. Mikono inafanya kazi ileile; jina moja limeangalia kitendo, lingine limeangalia kinachobaki baada ya kitendo.

Wakili na kidole

Turudi kwenye sentensi yangu. Kuwakilisha kumetoka kwa wakili, yaani mtu anayesimama mahali pa mwingine kwa idhini yake. Ukimweka wakili, wewe unaweza kubaki nyumbani. Anachosema kinahesabika umesema wewe, na akikubali deni, deni ni lako. Zanzibar wamelipa bunge lao jina hilohilo tangu 1980: Baraza la Wawakilishi. Mjumbe hamwashirii mpiga kura, anakalia kiti chake.

Kwa hiyo tofauti ni ya mahali pa kuangalia. Kinachowakilisha kinasimama badala ya kitu, na unashughulika nacho kana kwamba ndicho. Kinachoashiria kinakutuma ukatazame kwingine. Katika hesabu, x inawakilisha idadi ya machungwa kapuni. Sijamsikia mwalimu yeyote akisema x inaashiria machungwa, na nikimsikia nitamwonea huruma mwanafunzi. Kwenye ramani, nukta nyeusi inawakilisha mji. Kwenye mchezo wa jukwaani, kijana mwenye fimbo na ndevu za pamba anamwakilisha babu. Lakini kiti kitupu cha babu kilichoachwa jukwaani baada ya mazishi kinaashiria. Hakijakaa mahali pa babu, kinaelekeza kwenye pengo lake.

Ipo sanamu moja Dar es Salaam inayofanya mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora, ilizinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki mbele, na singe yake imeelekea bandarini. Yeye mwenyewe anawakilisha: mtu mmoja kwa niaba ya maelfu ambao majina yao hayamo kwenye jiwe. Singe inaashiria, tena kwa maana ya kizamani kabisa ya kunyooshea kitu, na ukiifuata kwa macho unafika kwenye maji. Watu hupita hapo kila siku wakiwahi magari, sanamu inanyoosha kidole, hakuna anayegeuka.

Kuna vitu vingi ambavyo vitenzi vyote viwili vinavikubali, na bendera ni kimojawapo. Nyeusi inawakilisha watu, nyeusi inaashiria watu. Sitamkata mtu alama kwa lolote kati ya hayo. Ila ukiniuliza mimi, bendera nzima inawakilisha nchi (ndiyo maana kuikanyaga ni kosa, umeikanyaga nchi), na rangi moja moja zinaashiria.

Usichanganye pia kuwakilisha na kuwasilisha. Ripoti huwasilishwa, maana inafikishwa, inawasili mahali. Mwanafunzi "aliyewakilisha kazi yake kwa mwalimu" amefanya jambo gumu kuliko alivyokusudia.

Na kumaanisha? Hicho ni cha maneno na nia. Neno linamaanisha, mtu anamaanisha. "Ulimaanisha nini uliposema hivyo?" Waridi halimaanishi mapenzi, kwa sababu halikusema kitu. Aliyelituma ndiye aliyemaanisha, waridi likaashiria.

Darasani

Wanafunzi wa fasihi wana mzigo wa ziada, neno taashira. Mwalimu mmoja atakwambia ni matumizi ya kitu kuashiria wazo kubwa: giza kwa ujinga, minyororo kwa utumwa, bundi wetu kwa msiba. Mwingine atakwambia ni jina la kitu kutumika badala ya kingine kilicho karibu nacho: Ikulu kwa rais, jembe kwa mkulima, kalamu kwa msomi. Walimu hawa wawili wakikutana kwenye chumba cha kusahihisha mitihani, chai inapoa. Ukitazama vizuri, ubishi wao ni uleule wa sentensi yangu: wa kwanza anasikia kidole ndani ya neno, wa pili anasikia wakili. "Ikulu imekanusha" ni uwakilishi; nyumba haina mdomo, imemsimamia mwenye mdomo. Minyororo ukutani katika hadithi ni kidole. Mwenye kujiandaa kwa mtihani aandike tafsiri ya kitabu anachotahiniwa nacho, ila ajue kwamba ugomvi haukuanza na yeye.

Waarabu wa leo huita taashira kile kibandiko cha viza ndani ya pasipoti. Aliyewahi kutafuta kazi Omani au Dubai atakuwa amekutana na neno hilo dirishani, na pale halikuwa tamathali ya semi.

Kwenye kuandika, makosa ninayokutana nayo ni yaleyale. "Inashiria" imepungukiwa a moja. Kiambishi kinaishia na a, kitenzi kinaanza na a, zote mbili ziandikwe: inaashiria. Kikanushi kinapata i mbili mwishoni, haiashirii, na watu huogopa wakadhani wameteleza. "Inaashiria kuhusu" haina kazi, mkia wa -ia umeshabeba mzigo huo. Na kama unachosema ni kwamba homa imeonekana, andika dalili, uache kiashiria kipumzike.

Mwenge je? Mwaka 1959, akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alisema wanataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka, ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima palipojaa dharau. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha kileleni. Katika maneno yale mwenge haukukalia kiti cha mtu yeyote. Ulikuwa unamulika, na mwanga hukuonyesha kitu ambacho si mwanga wenyewe.

Nikafuta "kuwakilisha," nikamrudishia mwandishi: "Mwenge huu unaashiria umoja wa Watanzania." Nikaandika chini yake maelezo marefu, karibu nusu ya haya uliyoyasoma, nikayatuma usiku kwenye simu yake.

Asubuhi nikakuta jibu. Dole gumba.